Mbuzi wa Bibi au Mbuzi ya Bibi?

Ndugu wasomaji, leo siasa tuziweke pembeni. Wiki nzima nimeandika habari za vikao na semina, nimechoka, na nadhani nanyi mmechoka kuzisoma. Leo nataka tuzungumze kuhusu sentensi. Ndiyo, sentensi, hizi hizi tulizofundishwa shuleni kwamba zina kiima na kiarifu. Kuna programu ya kompyuta inayozisoma, tena kwa ukali kuliko mhariri yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Programu yenyewe inaitwa Inform 7. Kazi yake ni kutengeneza hadithi zinazochezwa kwa maandishi. Kwa ambaye hajawahi kuziona: hakuna picha wala muziki. Kompyuta inakuandikia kwamba umesimama mahali fulani na mbele yako kuna hiki na kile. Wewe unaandika unachotaka kufanya: nenda kaskazini, fungua mlango, chukua taa. Inakujibu kilichotokea, na hadithi inasonga mbele. Ni gemu, na ni kitabu pia.

Mambo haya ni ya zamani. Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na Mmarekani mmoja, Will Crowther, mtunga programu ambaye alipenda pia kuingia mapangoni. Yeye na mkewe walishiriki kazi ya kupima na kuchora ramani za pango la Mammoth, kule Kentucky. Ndoa ilipovunjika, Crowther akaandika gemu ya maneno inayopita ndani ya mapango yale, ili binti zake waicheze. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaipanua, na ikasambaa kila palipokuwa na kompyuta kubwa. Angalieni jambo moja hapo: gemu hii iliyozaa nyingine zote ilianza kama ramani ya mahali pa kweli, iliyochorwa na mtu ambaye maisha yake ya zamani yalikuwa yamekwisha. Mtaona kwa nini nalitaja.

Baadaye, mwaka 1979, ikaanzishwa kampuni ya Infocom iliyouza gemu za namna hiyo, Zork ikiwa maarufu kuliko zote. Ili gemu moja ichezeke kwenye kompyuta za kila aina, wakabuni mashine ya kufikirika waliyoiita mashine ya Z. Kampuni ilikufa, mashine haikufa. Mwaka 1993 Graham Nelson, mwanahisabati wa Oxford ambaye pia ni mshairi, akatoa Inform ya kwanza, lugha ya programu ya kuandikia hadithi za mashine hiyo. Ilikuwa lugha ya kompyuta kama zilivyo nyingine, yenye mabano na nukta-mkato kila kona. Mwaka 2006 akatoa Inform 7, na hapo akageuza meza kabisa. Mabano yakaondoka. Ukitaka jiko, unaandika: The Kitchen is a room. Ukitaka kikombe kwenye meza ya jikoni, unaandika: The table is in the Kitchen. A cup is on the table. Basi. Hiyo ndiyo programu yenyewe. Ukibonyeza kitufe, jiko lipo, meza ipo, na kikombe kinaweza kuchukuliwa. Mwaka 2022 chanzo cha programu hiyo kikawekwa wazi, kila anayetaka akisome.

Sasa, nina rafiki yangu tuliyesoma wote Mlimani, yeye kompyuta, mimi uandishi wa habari. Anaandika programu za malipo katika kampuni moja hapa Dar. Bibi yake wa Pangani alifariki mwaka 2023, na mwaka uliofuata wajomba wakaafikiana kuiuza nyumba. Aliyeinunua akaivunja kujenga ya ghorofa. Simlaumu mtu, nyumba ikiuzwa imeuzwa. Lakini rafiki yangu akaja kwangu Jumamosi moja na kompyuta yake ya mkononi, akasema: "Mzee, picha tunazo sita tu, na zote ni za harusi. Hakuna hata moja inayoonyesha jiko. Nataka niijenge upya kwa maneno, mtu aweze kuingia. Wewe ndiye mtu wa maneno, nisaidie."

Tangu siku hiyo ni miezi minne. Nimekaa kando ya mtunga programu anayejifunza kuandika sentensi, na nimeona mambo.

La kwanza: yeye aliteseka kuliko ambavyo angeteseka mtu asiyejua kompyuta. Katika lugha alizozoea, maneno ni machache na sheria zinaonekana. Ukikosea nukta-mkato, unajua umekosea nukta-mkato. Inform inafanana na Kiingereza cha kawaida, kwa hiyo kichwa kinakudanganya kwamba Kiingereza chochote kitapita. Hakipiti. Ukiandika kwamba mchezaji amebeba ufunguo, sawa. Ukilisema jambo lile lile kwa namna nyingine, Kiingereza safi ambacho mwalimu angekipa vema, inakataa. Tena inakataa kwa adabu: inakunukuu, uliandika hivi, halafu inaeleza kwa aya nzima kwa nini haikuelewa. Jamaa akawa anasema kuisoma ni rahisi kama gazeti, kuiandika ni kama kuandika hati ya mahakamani.

La pili lilinigusa mimi kwa kazi yangu. Inform ina sentensi za aina mbili. Zile zilizo nje ya alama za kunukuu inazielewa. Zile zilizo ndani ya alama za kunukuu haizielewi hata kidogo, inazitoa tu kwenye kioo kama zilivyo. Nikamwandikia maelezo mazuri ya ukumbi: mkeka wa rangi tatu, saa ya ukutani iliyosimama, harufu ya udi. Akaingia kwenye gemu, akaandika autazame mkeka. Kompyuta ikamjibu kwamba haioni kitu kama hicho. Mkeka ulikuwa ndani ya alama za kunukuu, haukuwepo nyumbani! Ili uwepo, ni lazima mtu atamke nje ya alama hizo kwamba kuna mkeka, na uko ukumbini.

Ndugu zangu waandishi, si ndivyo tulivyo? Tunajaza safu nzima maneno ya msemaji, "mikakati kabambe", "mchakato unaendelea", yote ndani ya alama za kunukuu. Nje ya alama hizo, sisi wenyewe tumetamka nini kwamba kipo, na kiko wapi? Kisima kimechimbwa au kimetajwa tu? Siku hizi nikimaliza habari ninaipitia mara moja nikifunika nukuu zote kwa kiganja, nione kinachobaki.

La tatu ni kabati. Bibi alikuwa na kabati la mninga: vikombe vya wageni ndani, redio juu yake. Inform inavitenga vitu vya kuweka vitu ndani na vitu vya kuweka vitu juu, na kitu kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili. Kabati la bibi likakataliwa. Njia inayotumika ni kulivunja: unatamka kwamba kuna sehemu ya juu inayobeba redio, kuna sehemu ya ndani inayohifadhi vikombe, na moja ni sehemu ya nyingine. Tukafanya hivyo.

Lakini hapo ndipo tulipoanza kuzungumza habari za Kiswahili. Maana rafiki yangu hakutaka nyumba ya bibi iongee Kiingereza. Chanzo kikae Kiingereza, hakuna namna, ndivyo programu ilivyo. Ila mchezaji asome Kiswahili na aandike Kiswahili. Na tulipoanza, nikagundua kwamba yale niliyoyakariri sekondari kwa ajili ya mtihani, ngeli na mo na po na ko, ni mitambo kamili.

Chukua hilo kabati. Mswahili akikuambia vikombe vimo kabatini, huna haja ya kuuliza kama ni juu au ndani. Ile mo imeshamaliza kazi. Akisema mtu yupo, anakusudia mahali anapopajua. Akisema yuko, huenda hajui hasa ni wapi. Tunayasema haya kila siku bila kufikiri, na mtu wa Oxford amelazimika kuyajengea mashine.

Sasa mbuzi. Uani kwa bibi palikuwa na mbuzi mnyama, amefungwa chini ya mwembe. Na jikoni palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Kiingereza kina majina mawili tofauti, hakuna shida. Kiswahili kina jina moja. Mchezaji akiwa amembeba mbuzi mnyama mpaka jikoni, na watoto walifanya hivyo kweli, akaandika "chukua mbuzi", kompyuta inabaki kuuliza: mbuzi yupi? Hiyo ni kawaida yake, ikipata vitu viwili vya jina moja inauliza. Lakini Mswahili hasemi hivyo tu. Anasema "mchukue mbuzi" au "ichukue mbuzi". Mbuzi wa bibi, mbuzi ya bibi. Herufi moja, na utata umekwisha. Ikalie mbuzi ukune nazi. Mkalie mbuzi uone!

Na si mbuzi tu. Kiingereza kikishataja kikombe na ufunguo, kikasema uchukue "it", kompyuta inabahatisha kitu cha mwisho kutajwa. Kiswahili kinasema kichukue, na kinachochukuliwa kinajulikana ni kikombe. Kwa jambo hili Kiswahili kinaipa kompyuta habari nyingi kuliko Kiingereza. Tatizo ni kwamba Inform inakata maneno penye nafasi, na sisi nafasi hatuziweki, kitenzi chetu kinabeba mzigo wote tumboni. Ikabidi jamaa aandike sheria: kabla ya amri kusomwa, kipasue kitenzi, toa ki, toa u, toa m, kisha tafuta kitu cha ngeli hiyo. Inform inaruhusu hayo. Inaruhusu hata kutamka kwamba ngeli ni aina ya sifa, na kwamba kila kitu kina ngeli yake, ukaziorodhesha. Aliandika sentensi mbili na nyumba nzima ikapata ngeli. Siku ile alifurahi kama mtoto.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. "Ufungue" ni fungua huo mlango, au ni wewe ufungue? Kiswahili chenyewe hakisemi, na hapo tuliacha kompyuta iulize. Majibu nayo yakatutoa jasho. Ukichukua kitu, Inform ya Kiingereza inajibu kwa neno moja tu, "Taken", liwe kombe au liwe jogoo. Kwetu ni kimechukuliwa, umechukuliwa, amechukuliwa, yamechukuliwa. Kila jibu la kompyuta likahitaji kujua ngeli ya kinachozungumzwa.

Halafu kuna kichekesho cha herufi tisa. Mashine ya Z ilibuniwa wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba, kwa hiyo toleo lake linalotumika zaidi linatambua herufi tisa tu za mwanzo wa kila neno. Kwa Kiingereza hilo mara nyingi halisumbui, maneno ni mafupi. Sasa hesabu mwenyewe: kilichofungwa, kilichofunguliwa. Herufi tisa za mwanzo ni "kilichofu" kwa yote mawili. Kisanduku kilichofungwa na kisanduku kilichofunguliwa, mbele ya mashine ile, ni kisanduku kimoja! Mambo tofauti kabisa, na kwetu tofauti inakuja mwishoni. Hakuna aliyetukusudia ubaya. Aliyepima kitambaa hakujua kwamba sisi tuna mikono mirefu, basi. Tukahamia mashine mpya zaidi inayoitwa Glulx, ambayo Inform inaitumia pia, na huko idadi hiyo inaongezeka ukitaka.

Kazi yangu ya uandishi ilihitajika zaidi kwenye kutafuta habari. Kabati lilikuwa chumba gani? Mama yake rafiki yangu alisema chumbani. Nikampigia simu shangazi yake aliyeko Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kabati? Lilikuwa ukumbini, mkono wa kulia ukiingia. Nani kakwambia chumbani?"

Nikamwambia. Akacheka, akanyamaza kidogo. "Chumbani lilikuwa babu yenu alipokuwa hai. Alipofariki ndiyo mama akalitoa. Hakutaka kuliona kila akiamka."

Gazetini ningeandika "kulikuwa na kabati la mninga" na msomaji asingeuliza. Inform haikubali. Kitu kiko mahali pamoja kwa wakati mmoja, taja. Kwa hiyo tukalazimika kuamua hii ni nyumba ya mwaka gani. Rafiki yangu akachagua 2006, akiwa darasa la pili. Babu hayupo, kabati liko ukumbini. Bila ukali wa ile programu nisingepiga simu ya pili, na sababu ya kabati kuhama isingejulikana kwa wajukuu.

Mwezi uliopita shangazi alikuja Dar kwa matibabu ya macho, tukampa aijaribu. Tulikuza maandishi. Gemu inaanzia barazani: mlango wa mbao, kizingiti kilicholika katikati, sauti ya mwiko ndani. Akasoma taratibu. Akaandika neno moja: hodi.

Kompyuta ikajibu kwamba haijaelewa.

"Sasa naingiaje nyumba ya watu bila hodi?" akauliza. Rafiki yangu alikuwa ameweka milango, funguo, ngeli na mbuzi wawili. Hodi hakuweka, maana yeye mjukuu alikuwa akiingia anakimbia.

Kuongeza amri hiyo ni sentensi mbili tatu. Unatamka kwamba kupiga hodi ni tendo, unatamka kwamba neno "hodi" lieleweke kuwa tendo hilo. Inayobaki ni sentensi ya jibu, ile ya ndani ya alama za kunukuu. Siku tatu jamaa hakuiandika. Aandike "Karibu"? Nani anayekaribisha? Aandike kwamba hakuna anayeitika? Ni kweli, lakini mwaka 2006 si kweli. Hakuna mtaalamu wa Oxford wa kumsaidia hapo.

Mwisho akamuuliza shangazi, bibi alikuwa akiitikaje. Shangazi akasema: "Mama? Hakuwahi kusema karibu mara ya kwanza. Alikuwa anauliza 'Nani mwenzangu?' hata kama amekuona dirishani." Basi hivyo ndivyo ilivyo sasa. Ukipiga hodi, nyumba inakuuliza nani mwenzangu. Unaandika jina lako, lolote lile, na mlango unafunguka.

Najua kuna atakayesema haya yote ya nini, leo mtu anaandika Kiswahili kwenye programu za akili bandia na kujibiwa aya tano. Nazitumia pia. Lakini zile zinakisia. Ukiacha pengo zinalijaza zenyewe kwa kinachoelekea kuwa sahihi, nawe huoni kwamba pengo lilikuwepo. Ungeziuliza jiko la Pangani zingekupa jiko zuri sana la Pangani, lisilo la mtu yeyote. Inform haikisii. Usichokisema hakipo, ulichokisema vibaya kinarudishwa. Kwa kumbukumbu ya nyumba iliyovunjwa, mimi naona ukali huo ni heshima.

Ninachowaomba vijana wenzangu mnaojua kompyuta ni hiki: kuna watu wameziandalia Kifaransa, Kihispania na Kijerumani namna ya kuchezeka katika programu hii. Kiswahili si kigumu kwa kompyuta, kina mitambo yake tayari, tunayo mdomoni. Wanaoifahamu mitambo hiyo vizuri ni watu kama shangazi, na hawatasubiri sana.

Nanyi msiojua kompyuta, jaribuni kwenye karatasi. Chukua chumba kimoja cha nyumba uliyokulia. Andika kilichomo, kimoja kimoja, na kila kimoja kiko wapi, bila kupamba. Ukikwama kwenye kabati, piga simu kabla anayejua hajaondoka.